Kumbukumbu ya mradi wangu: hatimaye mwaka 1921 umekubali kukaa

Usiku wa kuamkia leo, saa saba na ushei, nimefuta safu nzima ya alama niliyoijaza kwa miezi mitatu, na kwa mara ya kwanza jedwali langu la Edith Wharton, mwandishi wa riwaya wa Marekani, limeanza kusema kitu. Nimefurahi kiasi kwamba usingizi umenikataa. Basi naandika.

Mliofuatilia tangu mwanzo mnajua nilichokitaka: mstari mmoja unaoonyesha wahakiki walivyompokea mwandishi huyu tangu riwaya yake The House of Mirth ilipotoka mwaka 1905 hadi siku hizi. Kila tahakiki ipewe alama, kuanzia hasi mbili mpaka chanya mbili, kisha mstari upande na kushuka wenyewe. Mwaka 1905 uwe juu kabisa, maana kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimeshachapwa nakala 140,000. Baada ya kifo chake huko Ufaransa mwaka 1937 liwe bonde. Mwaka 1975 mlima tena. Picha hiyo nilikuwa nayo kichwani kabla sijasoma hata kurasa kumi, na sasa naamini hapo ndipo nilipojifunga kamba.

Mwaka 1921 ulikataa. Nimeusogeza juu, nimeushusha chini, nimeugawa vipande viwili, nimejaribu hata kuuacha nje. Haukai.

Mna mambo mawili ndani yake. La kwanza ni tahakiki ya Vernon Parrington, msomi wa fasihi ya Marekani, kuhusu riwaya yake The Age of Innocence, iliyompa Wharton jina la kabaila wa fasihi yao. Kwa ufundi anamvulia kofia bila kinyongo. Halafu anamgeuzia kibao: kipaji kikubwa namna hii kimemwagwa bure juu ya matajiri wachache wa New York wasio na uzito wowote. Na anaongeza kwamba laiti mama huyu asingeishi kwa raha, laiti angelazimika kubana matumizi na kuhesabu senti, angekuwa msanii mkubwa zaidi. Haya, nimpe ngapi? Nilimwandikia sifuri, na sifuri ile ilinikera kila nilipofungua faili. Sifuri maana yake mtu hakujali. Parrington alijali sana.

La pili ni tuzo ya Pulitzer, ambayo mwaka huohuo ilimfanya Wharton kuwa mwanamke wa kwanza kuipata kwa riwaya. Chanya mbili, si ndiyo? Nilidhani hivyo. Lakini waamuzi walikuwa wameipendekeza riwaya ya Main Street ya Sinclair Lewis, na wadhamini wa Chuo Kikuu cha Columbia ndio waliowapindua. Wakati huo tuzo ilitakiwa iende kwa riwaya yenye hewa safi ya maisha ya Kimarekani na kiwango cha juu kabisa cha adabu. Joseph Pulitzer mwenyewe, aliyeianzisha tuzo, alikuwa ameandika kuhusu maisha ya Marekani kwa ukamilifu wake. Nicholas Murray Butler, rais wa Columbia, aliongeza silabi moja tu kwenye neno la Kiingereza, whole ikawa wholesome, na ukamilifu ukawa usafi wa maadili.

Aliyeifikia karamu ya kumuaga Ellen Olenska, mle ndani ya The Age of Innocence, anajua kwa nini chanya mbili zile zilinikaa kooni. May, mke wa Newland Archer na binamu wa Ellen, ndiye mwenyeji, na ni karamu kubwa ya kwanza nyumbani kwa maharusi. Maua yamepangwa, kadi za vyakula zimeandikwa, kuna panchi ya Kirumi, ambayo katika mji ule peke yake ilitosha kumjulisha mgeni kwamba shughuli ya leo si ya mchezo. Newland Archer amekaa mezani, Ellen yuko kuliani kwake. Anatazama zile sura zilizoshiba, zinazomtabasamia, na ghafla anaelewa: kila mtu mle ndani anaamini kwamba yeye na Ellen ni wapenzi, na wote wamekuja kumwondoa mwanamke yule kwa heshima zote. Hakuna anayepaza sauti. Vijiko vinaendelea kugonga sahani. Wharton anaiita namna ya watu wa New York ya zamani ya kuua bila kumwaga damu. Kitabu hicho ndicho kilichotuzwa kwa adabu njema!

Mwenyewe aliliona hilo. Lewis alipomwandikia kumpongeza, alimjibu kwamba alipogundua amezawadiwa kwa kuinua maadili ya Wamarekani, alikata tamaa. Mwaka uliofuata Lewis akamtabarukia riwaya yake Babbitt. Waliogombanishwa na tuzo walielewana vizuri kuliko waliowagombanisha.

Sasa nieleze nilivyotoka. Wiki iliyopita niliamua kila mhakiki apate alama mbili, ya kwanza kwa ufundi, ya pili kwa mada. Parrington nikamwandikia 2-1. Programu ya jedwali ninayotumia ikaigeuza kuwa tarehe. Nikafuta, nikaandika upya, tarehe tena. Nikabadilisha seli zote ziwe za maandishi, nikafunga faili, nilipofungua asubuhi tahakiki 31 zilikuwa na tarehe za mwezi wa pili. Nilikasirika mpaka nikafunga laptopu na kuchukua kadi za karatasi, zile ngumu za mistari, na penseli. Wenzangu wanaoniuliza nitumie programu gani kupanga maelezo ya kusoma, jibu langu kwa sasa ni kadi. Kadi haikisii unachomaanisha.

Na kwa sababu kwenye kadi kuna nafasi, badala ya namba nikaanza kuandika sababu. Kila mhakiki nilimuuliza swali moja: huyu amemsamehe Wharton utajiri wake, au hajamsamehe, na kwa nini? Kadi zikaanza kujipanga zenyewe mezani.

Parrington, 1921: hakumsamehe, kwa sababu hakuteseka. Mhakiki Edmund Wilson, 1938, mwaka mmoja baada ya kifo, anaandika makala kutaka mwandishi huyu atendewe haki, na anafanya kazi nzuri ya kuzitetea riwaya za kuanzia 1905 hadi 1917. Lakini soma utetezi wenyewe. Wilson anazitafuta nguvu za vitabu hivyo katika msongo wa maisha yake, katika ndoa na mishipa ya fahamu iliyochoka. Anamsamehe kwa sababu, kumbe, aliteseka. Percy Lubbock, rafiki yake wa zamani, 1947, anachora bibi mkubwa mwenye bustani, wageni na amri, na mwandishi anazama nyuma ya mapazia. Mateso hayaonekani, na msamaha hakuna.

(Hapa nitoe la moyoni kuhusu skani za vitabu vya miaka hiyo. Nilitafuta jina la Wharton katika faili moja nikaambiwa limetajwa mara chache mno, nikaanza hata kujenga hoja juu yake. Kumbe jina lilikuwa limekatwa kwa kistari mwishoni mwa mistari, nusu juu, nusu chini, na kitafutio hakiunganishi. Siku mbili zilipotea. Soma ukurasa kwa macho.)

Halafu Chuo Kikuu cha Yale. Karatasi zake zilihifadhiwa pale kwa sharti kwamba wasifu usiandikwe kutokana nazo kabla ya mwaka 1968. R. W. B. Lewis (si yule Sinclair) akazitumia, wasifu aliouandika ukatoka 1975, na watu wakamjua Morton Fullerton, mwandishi wa habari aliyependana na Wharton alipokuwa na miaka arobaini na kitu, ndani ya ndoa iliyokwisha kupoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaibuka barua zake kwa Fullerton, kama 300 hivi, ambazo alikuwa amemsihi azirudishe. Zilikwenda Chuo Kikuu cha Texas. Bibi wa bustani akapata mwili na machozi, na ghafla kila mtu akawa tayari kumsoma. Nawashukuru kwa dhati watafiti wale. Cynthia Griffin Wolff mwaka 1977, na Elizabeth Ammons mwaka 1980, walimsoma kama mtu mwenye hoja dhidi ya nchi yake, na ndio waliomrudisha madarasani. Lakini kadi ya 1975 nikiilaza kando ya ile ya 1921, ni deni lilelile, ila sasa limelipwa.

Kilichonitoa kitini ni kadi ya mwaka 2012. Mwandishi wa riwaya Jonathan Franzen, kwenye jarida la The New Yorker, katika kumbukumbu ya miaka 150 tangu kuzaliwa kwake, anasema fursa alizozaliwa nazo zinamfanya awe mgumu kumhurumia, kisha anampa nafuu kwa kuwa, kwa maoni yake, hakuwa mrembo. Miaka 91 imepita tangu Parrington na bado mwanamke huyu anadaiwa maumivu! Wasomaji wengi walimpinga Franzen kwa suala la sura, na walikuwa na haki. Mimi kinachonichoma zaidi ni deni lenyewe.

Kwa hiyo ndiyo maana mstari haukuwa unakaa. Nilikuwa natafuta kupanda na kushuka mahali ambapo swali halikusogea.

Zipo kadi zinazouliza jambo jingine kabisa, na hizo nimezipa rangi ya kijani. Ammons yuleyule, mwaka 1995, aliandika juu ya Wharton na rangi za watu, na tangu hapo Simon Rosedale, Myahudi wa The House of Mirth, hawezi kupitwa kimyakimya. Lawama hiyo ni ya haki kabisa kwa sababu inatoka kwenye kurasa, haitoki kwenye akaunti ya benki.

Na jibu lake mwenyewe lilikuwepo muda wote. Katika tawasifu yake ya 1934 anasimulia alivyohangaika na swali la namna ya kuandika jambo zito kuhusu watu wepesi, na anajibu kwamba jamii ya kipuuzi hupata uzito kwa kile ambacho upuuzi wake unakiangamiza. Jibu, anasema, lilikuwa Lily Bart, shujaa wa The House of Mirth. Kadi hiyo nimeibandika ukutani peke yake.

Mpango ulikuwa wiki hii niingize tahakiki za riwaya yake Ethan Frome na za filamu ya The Age of Innocence ya 1993. Sitafanya. Tangu nisome tena ile karamu, mikono inaniwasha niitafsiri, ukurasa mmoja tu, nione kama ule ukatili wa upole unabaki. Nimefika aya ya tatu na nimekwama kwenye neno moja. Wharton anawaita matajiri hawa kwa neno ambalo wasomi wa enzi yake walilitumia kwa watu wa mbali, watu wa huku kwetu, wenye miiko na matambiko ya kuchunguzwa. Nikiandika "ukoo" inasomeka laini, na ule ujasiri wake unapotea. Nikiandika "kabila", sentensi inasimama wima: kabila limekusanyika kumzunguka mke wa Archer. Nimeandika "kabila". Penseli bado ninayo mkononi.