Joto la Mto Don

Minara ya Tinsley, mjini Sheffield, Uingereza, ilipangiwa kuangushwa saa tisa usiku, kuamkia Jumapili ya tarehe 24 Agosti 2008, na Ami, kama nilivyomwita mzee rafiki yangu, alishaniambia mapema kwamba haitaondoka bila yeye kuwapo. Wakati huo nilikuwa nasomea mipango miji katika Chuo Kikuu cha Sheffield, naandika tasnifu juu ya bonde la chini la Mto Don, kule ambako karibu kila hatua ya ardhi iliwahi kuwa kiwanda cha chuma cha pua. Ami alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri katika bonde hilohilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mimi nilikuwa na vitabu na grafu. Yeye alikuwa na bonde lenyewe kichwani.

Tulijuana dukani, mtaa wa Burngreave. Nilikuwa nazungumza na mama yangu aliyekuwa Tanga, namlalamikia bei ya nazi, mara sauti ikatoka nyuma ya magunia ya mchele: "Mwambie mama, nazi ya huku haina tui." Alikuwa Myemeni. Utotoni alipelekwa Mombasa kwa ami yake aliyekuwa akiuza kahawa Mji wa Kale, akakulia huko hadi akapata Kiswahili kitamu, kisha akarudishwa Aden. Aden ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na katikati ya miaka ya 1950 viwanda vya Sheffield vilikuwa na njaa ya watu. Akapanda meli. Wayemeni wengi walikuja hivyo, na Wasomali pia, wakapewa kazi ambazo wenyeji walizikimbia: za usiku na za jotoni.

Hiyo minara sasa. Ilikuwa miwili, ya zege, yenye kiuno chembamba, urefu wake kiasi cha mita 76, mabaki ya mtambo wa umeme wa Blackburn Meadows uliofungwa mwaka 1980. Kazi yake ilikuwa kupoza maji. Maji ya moto kutoka mtamboni yalimwagwa ndani kama mvua, hewa baridi ikaingia kwa chini na kupanda nayo, mvuke ukatokea juu, na maji yakarudi kazini. Mtambo wote ulibomolewa, minara ikaachwa, kwa sababu ilisimama mita zisizofika 20 kutoka daraja la Tinsley, lile refu la ghorofa mbili linalobeba barabara ya M1. Hakuna aliyethubutu kuiangusha pale. Ikabaki hivyo karibu miaka 30. Mtu aliyetoka London kwa gari alipoiona alijua amefika Sheffield, na watoto walioamka usingizini kwenye viti vya nyuma waliijua kabla ya kuujua mji wenyewe. Daraja lilipoimarishwa ndipo mwenye minara alipotangaza kwamba imechakaa na ni hatari. Vijana wa mjini walifanya kampeni ya nguvu igeuzwe kazi ya sanaa. Hawakufanikiwa.

Kijana wa Ami alitupeleka kwa gari hadi kilima cha Wincobank. Watu walikuwa wamejaa: wamejifunika mablanketi, wana chupa za chai, wamebeba watoto mabegani. Barabara ya M1 ilikuwa imefungwa, na kwangu mimi, niliyezoea kuisikia ikinguruma mchana na usiku, ukimya ule ulikuwa mgeni. Ami alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, bakora magotini.

Mlipuko ulikuja kwanza machoni. Viuno vya minara vililegea, kuta zikajikunja kwa ndani, halafu mshindo ukatufikia na vumbi likafumka juu ya daraja. Watu walipiga kelele, wengine walilia waziwazi. Vumbi lilipopungua tukaona kipande cha mnara mmoja bado kimesimama, kimekataa, na kilima kizima kikakishangilia mpaka nacho kilipokwenda chini.

Ami alinishika mkono. "Imeshaanguka?"

Alikuwa anatazama upande uleule. Macho yake yalikuwa hafifu usiku, na masikio yalikuwa yamekwisha zamani, kwa nyundo za mvuke na ngurumo ya tanuri, wakati ambapo kibarua aliziba masikio kwa pamba aliyojitafutia mwenyewe. Mshindo ule alikuwa ameusikia kwa miguu, kupitia ardhini. Wenzake wengi wa rika lake walikuwa hivyo. Ukiingia kwenye baraza lao la kahawa, wazee wote wanapiga kelele, na mgeni hudhani wanagombana.

"Imeanguka, Ami. Yote."

"Sawa," akasema. "Watu wanaililia minara. Minara ilikuwa kitu cha kupozea. Aliyeyapasha joto yale maji ni nani? Mbona huyo hakukesha mtu kumtazama akiondoka?"

Nilitaka kumjibu na sikuwa na jibu. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa chuma wa mwaka 1980 ulidumu miezi mitatu. Baada yake viwanda vya bonde vilifungwa kimoja baada ya kingine, na ajira kwa makumi ya maelfu zikapotea. Wayemeni na Wasomali, waliokuwa wengi kwenye kazi zisizohitaji cheti, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutoka. Ami alikuwa hajafika miaka 50. Hakupata tena kazi ya kudumu.

Tulisali Alfajiri pale kilimani, kwenye nyasi zenye umande, yeye amekaa kitini. Zilikuwa siku za mwisho za Shaaban. Kisha akasema hataki kurudi nyumbani, anataka kunionyesha mto. Kijana wake alipinga, akashindwa. Tukanywa chai garini mpaka jua likapanda, tukateremka kwenye njia ya miguu inayofuata Don kutoka upande wa Meadowhall kuelekea mjini, njia iliyofunguliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi na kukamilika mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Nilikuwa nimeipita njia ile nikiwa na daftari. Nilikuwa nimeandika "ikolojia imerejea", na ilikuwa kweli. Maji yalikuwa safi hadi chini panaonekana. Palikuwa na korongo wa kijivu amesimama kwenye kizingiti cha kuzuia maji ya mto, samaki wadogo kwenye maji yaliyotulia, na mimea imekwea kuta za matofali yaliyoungua. Ami akanieleza mto wake yeye. Ulikuwa na rangi ya kiwanda kilichofungua mfereji siku hiyo: leo kutu, kesho maziwa machafu, keshokutwa mweusi. Samaki hakuna. Na wakati wa baridi kali, theluji ikiwa imefunika mapaa, mto ulikuwa unatoa mvuke.

"Ulikuwa wa vuguvugu, binti yangu. Wallahi. Tulichota maji ya mto kupoza mitambo, tukayarudisha mtoni yana moto wetu."

Akanipeleka hadi ukingoni na kuelekeza bakora ng'ambo. Juu ya ukuta wa zamani wa kiwanda ulikuwa umeota mti mpana, majani yake makubwa yenye vidole. Nilipouangalia vizuri nilishangaa: mtini. Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mtini ulioota wenyewe. Na haukuwa mmoja. Tulivyozidi kutembea tuliona mingine, imejipinda juu ya maji, ina tini changa, ngumu, ambazo jua la nchi ile haliwezi kuziivisha.

Habari ya mitini hiyo niliijua kutoka chuoni, maana aliyeichunguza alikuwa mwalimu wa chuo hicho, mwanaikolojia Oliver Gilbert, aliyefariki miaka michache kabla yangu kufika. Mbegu za tini zilipitia matumboni mwa watu, zikaingia kwenye maji taka, zikafika mtoni. Mahali pengine zingeoza. Hapa zilikuta maji yaliyopashwa na viwanda, kiasi cha nyuzi 20 za Selsiasi, nazo zikadhani ziko kwao. Viwanda vilipozimwa mto ukapoa, na tangu hapo ni nadra sana mbegu kuchipua kandokando yake. Iliyopo ni ile iliyowahi.

Nilimsimulia Ami kwa sauti ya juu, mdomo karibu na sikio lake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo ni miti yetu! Mungu ameliapia tunda hili, na sisi tumeliotesha hapa Attercliffe kwa maji ya tanuri."

Ndipo nilipoelewa kasoro ya hoja niliyokuwa naisoma katika kila ripoti ya mji ule. Ripoti zote zilieleza usafi wa bonde kama matunda ya mipango: shirika la uendelezaji lililoundwa mwaka 1988, viwanja vya michezo ya wanafunzi wa dunia ya 1991, jumba la maduka la Meadowhall lililofunguliwa 1990 mahali palipokuwa na kiwanda cha Hadfields. Sidharau kazi iliyofanywa. Kusafisha udongo wenye sumu ya karne mbili ni kazi ngumu, na mifereji ya maji taka ilijengwa upya kwa fedha nyingi. Lakini sehemu kubwa ya usafi ule ilikuja kwa sababu watu walifukuzwa kazi na moto ukazimika. Na chuma hakikuacha kutumika. Nguzo za majengo mapya, magari kwenye maegesho ya Meadowhall, visu na masufuria rafuni, vyote viliyeyushwa mahali fulani, na kwa wingi mahali hapo palikuwa nje ya Uingereza. Hesabu rasmi ya gesi za nchi huhesabu moshi unaotoka ndani ya mipaka yake. Moshi wa bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo unabaki kwenye daftari la alikotoka, pamoja na vifua vya waliouvuta. Mji unaojiita endelevu kwa hesabu hiyo umeuhamisha uchafu wake, na naona ni dhuluma kuwafundisha wanafunzi kuita jambo hilo ushindi bila kusema nani amelipa.

Ami hakuwa na hamu ya kuurudisha moshi, na hilo nataka lieleweke. Alizika marafiki wengi waliokufa kwa kifua. Alichokitaka ni kwamba kazi ibaki na ubaya wake uondoke, na aliamini inawezekana, kwa kuwa alishafanya kazi karibu na tanuri za umeme zinazoyeyusha chuma chakavu bila makaa. Upande wa Rotherham, mji jirani, mwendo mfupi kutoka minara ilipoanguka, ukumbi mkubwa wa tanuri za namna hiyo uligeuzwa mwaka 2001 kuwa kituo cha sayansi kiitwacho Magna, na humo tanuri moja huigizwa kwa taa, moshi na ngurumo. Mjukuu wake alimpeleka. Nilimuuliza aliionaje.

"Wamejitahidi. Watoto wanapata kujua. Ila wamesahau joto." Akajigusa shingoni, mahali walipokuwa wakifunga taulo lililolowa, akanieleza vidonge vya chumvi walivyopewa kwa jasho lililowatoka, na jinsi mlango wa tanuri ulipofunguliwa nyusi zilivyokuwa zikinyauka. "Bila joto, mtu atajuaje tulikuwa tunafanya nini?"

Asubuhi ilikuwa imesonga tulipofika mahali pa kiwanda chake. Sitakitaja jina. Palikuwa na uwanja wa maegesho, ghala la kuuzia mazulia, na uzio. Ami alisimama kwenye kona ya ukuta wa mto, ambao ndio pekee uliokuwa haujabadilika, akaanza kupima kwa hatua, bakora inagonga lami. Lango. Chumba cha kubadilishia nguo. Reli ya mabehewa ya chakavu. Akafika kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, akageuka kuutazama mto, akasogea kidogo kushoto.

"Hapa. Mlango wa tanuri ulikuwa hapa. Andika."

Nilichora kwenye daftari, naye akanisahihisha. Kila nilipoweka alama alinipa na mtu wake: huyu alishika mwiko mrefu wa kuchukulia sampuli, huyu alisukuma chokaa, huyu alikuwa nyapara, Mwingereza, mtu wa haki. Dereva mmoja alitusubiri tuondoke nyuma ya gari lake, na Ami akamwashiria asubiri kidogo zaidi.

Ramani ile niliiweka kwenye tasnifu, kwenye sura ya matumizi ya ardhi, baina ya ramani mbili za idara ya mipango. Msimamizi wangu aliuliza chanzo chake nikamwambia, akakubali ibaki. Mwaka 2014 mtambo mpya wa umeme ulianza kazi palepale Blackburn Meadows, wa megawati 30, unaochoma mabaki ya mbao, na sehemu ya joto lake sasa hupelekwa kwa mabomba kwenye majengo ya bonde na kulipiwa. Samoni nao wameonekana tena Sheffield, mwaka 2019, baada ya kujengewa njia za kupandia vizingiti. Nilifurahi kwa yote mawili, na ningependa Ami angekuwapo nimsimulie. Kabla sijaondoka Uingereza nilimchapishia ramani yake kwenye karatasi kubwa, kwa herufi anazoweza kusoma. Aliikagua muda mrefu kwenye meza ya kahawa, wenzake wamemzunguka wakipiga kelele, kisha akanirudishia. Nilikuwa nimewasahau watu wa zamu ya usiku.