Dhahabu tushaisikia, hayo mawe mnayatia wapi?

Kila nikirudi Wete mapumziko suali la barazani ni lile lile, "ee kijana, dhahabu ya bara unatuletea lini", mie nacheka tu mana dhahabu yenyewe hata siioni. Nipo ofisi ya kupanga uchimbaji kwenye mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa, wa chini ya ardhi, na kazi yangu kubwa ni kuhangaika na mawe yasokuwa na kitu. Safari hii mjomba wangu mmoja, fundi ujenzi, ndo kauliza suali la maana: hayo mawe mengine mnayatia wapi? Wallahi kagusa pale pale tunapogombana vikaoni.

Ngoja niwape hesabu. Kuifikia dhahabu huko chini lazima kwanza mchonge barabara ya kushuka, kila mkienda mita 7 mnashuka kama mita 1, upana wake mita 5 na kimo mita 5 ili roli lipite na bomba la hewa lining'inie juu yake. Mnatoboa matundu, mnajaza baruti, watu wote wanatoka, mnapiga, mnasubiri moshi utoke ndo mnaingia kuzoa. Mpigo mmoja mnasogea mita 4 hivi. Hapo mshavunja mita za ujazo 100, na kila mita ya ujazo ya mwamba ule ina uzito wa tani 2.7 hivi, kwaiyo ni tani 270, roli la tani 45 lishuke na kupanda mara sita. Mpigo mmoja huo! Na humo dhahabu hamna, mnatengeneza njia tu.

Alafu jiwe likivunjwa linavimba. Hili mjomba hakutaka kuelezwa, keshabomoa kuta Mji Mkongwe na anajua kifusi cha ukuta hakitoshi tena pale ukuta ulipokuwa umesimama. Zile mita 100 zinakuwa 140 au zaidi, na eneo la kumwaga lazima ulipime kwa hiyo 140.

Mjomba akanambia, si myarudishe humo humo. Sawa mjomba, na ndo inavyofanywa, chumba kikishatolewa mawe ya dhahabu kinajazwa. Vile vya mwanzo vinajazwa kifusi kilochanganywa saruji, au tope zito la mabaki ya kinu (mtambo wa kusaga mawe na kutoa dhahabu) lenye saruji, mana ukija kuchimba chumba cha jirani ule ujazo ndo unakuwa ukuta wako, ukiwa dhaifu unakuangukia. Cha jirani nacho kikimalizika, kama hamna tena mtakachochimba ubavuni mwake, hapo ndo unamwaga kifusi kikavu bila ya saruji, rahisi kabisa.

Tabu ni kwamba mawe yanatangulia, shimo la kuyatia linakuja baadae. Mwanzoni mnachonga njia tu, chumba hata kimoja hakijawa tayari, kwaiyo kila tani inapanda juu. Baadae vyumba vinafunguka na kifusi kinatakiwa huko huko chini, ila kishalundikwa juu na kukishusha tena ni mafuta na roli zilezile zinazotakiwa kupandisha dhahabu. Mpango mzuri kwangu mie ni ule unaopishanisha mambo, chumba kimoja kikimaliza leo basi kuna njia nyengine inachongwa karibu yake na kifusi chake kinaingia humo bila kuona jua. Kwenye karatasi hilo jepesi, sasa mashine moja iharibike wiki nzima uone ratiba inavyovurugika.

Yaliyobaki juu nayo si ya kumwaga ovyo. Mawe mengi yanayotoka karibu na dhahabu yana madini ya salfa, yale ya manjano yanayong'ara watu wakadhani ndo dhahabu yenyewe, na yakikutana na hewa na maji ya mvua yanatoa asidi, na asidi inayeyusha metali na kwenda nazo mtoni. Mwaka 2009 kule mgodi wa North Mara maji yenye asidi yalivuja mpaka mto Tigithe na kelele zake zilifika mbali. Kwaiyo mawe yanapimwa kabla hayajatoka, yale mabaya yanawekwa katikati ya lundo, yanazungushiwa mazuri, juu udongo wa mfinyanzi unashindiliwa, pembeni mitaro. Na dawa ya asidi ni chokaa, yani hili jiwe letu la matumbawe ambalo Unguja na Pemba tunachomea chokaa tangu enzi za mababu. Mjomba hapo macho yakamtoka, akaanza kupiga hesabu ya jahazi. Nkamwambia nauli tu itakumaliza.

Kuna na yale ya katikati, hayana dhahabu ya kulipa gharama ya kinu leo lakini si matupu. Watu wa Geita wanayajua, ndo magwangala hayo, na mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wananchi wapewe. Mstari wa kusema hili taka hili mali unachorwa na bei ya dhahabu na gharama zenu, bei ikipanda mstari unashuka, na ukiwa ushayachanganya na mawe ya salfa katikati ya lundo huyapati tena. Mie vikaoni nang'ang'ania yatengwe tangu siku ya kwanza, na lundo liwe na ramani yake inayoonesha nini kimemwagwa wapi na lini. Wamekubali kutenga eneo, ila dogo, na lipo upande wa mbali na kinu, madereva washaanza kunung'unika.