Nilivyohesabu matumbawe laini kabla joto halijayamaliza

Mwaka 2016 bahari ilipochemka, nilimpeleka mtaalamu mmoja aliyefika kwetu Mafia nikamwonyeshe sehemu ya mwamba ambapo matumbawe laini yalikuwa yamekufa. Alizama, akaibuka, akavua miwani akaniambia pale hapakuwa na kitu, ni jiwe tupu. Nilikuwa nimewapeleka wageni sehemu ile miaka mingi, nikijua ilivyojaa. Lakini sikuwa na picha hata moja wala mstari mmoja wa maandishi. Akaandika alichokiona, basi. Kwenye karatasi zake pale pamebaki jiwe tupu mpaka leo.

Jambo lile liliniuma kwa muda mrefu, ingawa kwa haki kabisa yeye hakusema uongo. Tumbawe gumu likifa linaacha mfupa wake: unaona matawi yamesimama, kwanza meupe, baadaye yameota ukungu wa kijani, na hata mtoto anajua hapa pametokea msiba. Tumbawe laini halina mfupa wa namna hiyo. Mwilini mwake mna vijiti vidogo vya chokaa, vyembamba kuliko punje ya mchanga, na likifa nyama inaoza, vile vijiti vinatawanyika, wiki chache baadaye mwamba ni kama umesuguliwa. Anayekuja baada ya hapo hakuti hata kaburi. Ndiyo maana naamini hasara ya matumbawe laini huandikwa pungufu kuliko ilivyo, na dawa yake ni moja tu: uyahesabu yakiwa hai.

Mwishoni mwa 2023 redio zilikuwa zikitaja El Niño, ile hali ya bahari kupata joto kupita kawaida, kwa sababu ya mvua. Watu wa nchi kavu waliwaza mafuriko, mimi nikawaza 1998. Mwaka huo nilikuwa mtoto, nafuatana na mama mwambani wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali kabisa, yeye akitafuta pweza. Nakumbuka alivyosimama akasema, "Mwanangu, mwamba umefanya mvi." Miamba mingi ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka ule, na kwetu mwamba wa Kitutia uliumia sana.

Ghuba ya Chole, nilikoamua kuhesabu, imo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo nilianza kwa kuomba ruhusa, nikaeleza kwamba sitagusa wala kupigilia kitu. Vifaa vyangu vilikuwa fremu ya mabomba ya plastiki, mita moja kwa mita moja, niliyoitoboa matundu ili ijae maji na kuzama. Kipande cha dumu jeupe nilichokikwangua kwa msasa. Penseli ya kawaida, maana penseli inaandika vizuri kwenye plastiki hata chini ya maji. Na kamera ndogo ya kuazima.

Kazi ngumu ilikuwa kurudi kwenye jiwe lile lile kila mwezi. Hilo nilisaidiwa na mjomba, aliyevua mshipi maisha yake yote. "Anko, sasa bila kifaa cha setilaiti nitapajuaje?" nilimuuliza. Akacheka. Akanionyesha mnazi wa pembeni uufunike mbuyu, halafu upande wa pili ncha ya kisiwa iachane na mikoko kwa upana wa vidole viwili. Pale alama mbili zinapokutana unatia nanga mchangani, na ukizama unakuta vichwa vikubwa vya matumbawe magumu, yale ya duara yanayoishi mamia ya miaka. Nikavifanya kama nyumba za mtaa, nikavipa namba kichwani mwangu na kwenye daftari: kichwa cha 1, cha 2, mpaka cha 9. Kila tumbawe laini likapata anwani. Nilichagua mashina 24.

Mwezi wa kwanza nilikosea, na kosa hili nalieleza kwa sababu litamkuta yeyote atakayejaribu. Kichwa cha 7 kilikuwa na tumbawe la umbo la uyoga, nene kama ngozi ya ng'ombe, pana kuliko sinia. Januari nikalikuta limefumba, limenyauka, juu lina utando kama nta. Nikaandika "linakufa". Baada ya siku kumi nikarudi, limefumbua kama kawaida, linang'aa. Kumbe aina hiyo hujivua ngozi, hufumba siku kadhaa likaondoa uchafu na mwani uliolikalia. Tangu hapo nikajiwekea sharti: sitaandika kifo mpaka nilione mara mbili, kwa kupishana wiki mbili. Na ukubwa nao si ushahidi, maana tumbawe laini linaweza kujikunja leo na kesho likatanuka. Nilianza kupima shina pale linaposhikana na mwamba.

Kaskazi ilipolegea mwezi wa Machi, bahari ikalala kama mafuta ndani ya kikombe. Saa ya kuzamia ilionyesha nyuzi 31, na maji hayakupoa hata alfajiri. Simuni nilikuwa nikifuatilia taarifa za NOAA, shirika la Marekani linalopima joto la bahari kwa setilaiti. Wao wanahesabu joto lilizidi kiasi gani na kwa wiki ngapi, kuanzia nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo. Hesabu ikifika 4, kupauka, yaani matumbawe kupoteza rangi, kunategemewa. Ikifika 8, vifo. Aprili 15, 2024 wakatangaza kwamba dunia nzima imo kwenye upaukaji wa nne tangu kumbukumbu zianze. Mimi nilikuwa tayari nimeuona kichwa cha 3.

Pale palikuwa na shada la matumbawe ambayo wageni wote waliyapenda, yale yenye vidole vinavyofumba na kufumbua bila kukoma, kana kwamba mwamba unapumua. Kila kidole kina vimikono vinane vyenye nyuzinyuzi kama unyoya. Matumbawe laini yote ni ya vimikono vinane. Kwanza vidole viliacha kupiga. Vilibaki wazi, vimelegea. Nilipofika mara ya pili vilikuwa vimepoteza rangi, unaona mpaka ndani kama tambi zilizopikwa. Rangi ile ni ya vimwani wadogo wanaoishi mwilini mwa tumbawe na kulilisha sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi wanaanza kutoa sumu, tumbawe linawatema, na hapo limebaki na njaa. Mara ya tatu nilipopunga mkono karibu yake, shada zima lilibanduka likaelea kama kamasi. Nilibaki pale chini hadi pumzi ikaniishia.

Nje kidogo, kwenye mkondo wa Kinasi, yale mekundu na ya zambarau yanayoning'inia chini ya miamba hayakupauka. Hayana vimwani, yanakula yanachokinasa kwenye maji yanayopita. Mtu akipita pale tu angeapa bahari haina shida.

Nilihesabu mara ya mwisho wiki moja kabla ya Kimbunga Hidaya, kilichotufikia Mei 4. Mashina 11 kati ya 24 yalikuwa yamekwisha. Baada ya kimbunga maji yakawa tope, na maji yalipotulia nikakuta mengine mawili yameng'oka pamoja na vipande vya mwamba wake. Nikashukuru Mungu kwamba nilikuwa na tarehe. Watu walisema Hidaya ndiyo imesafisha mwamba. Nilifungua daftari kwenye kikao cha kijiji nikawaonyesha: 11 ni joto, 2 ni kimbunga. Mzee mmoja aliomba aone picha za kichwa cha 3, akazitazama Desemba, Machi, Aprili, akarudia tena kutoka mwanzo. Hakusema kitu, akampa jirani yake simu.

Sasa naendelea kuhesabu mara moja kwa mwezi, wakati wa maji mafu, maana bamvua mkondo unanisukuma. Yale ya vidole yameanza kurudi, yametambaa kama shuka juu ya matawi ya matumbawe magumu yaliyokufa. Wageni wanafurahi. Mimi nayaandika, ila pembeni naandika pia yameota juu ya nini, kwa sababu pale yalipotandaa mtoto wa tumbawe gumu hapati pa kushika.

Na kichwa cha 7, ule uyoga uliokuja kusinyaa baadaye ukabaki kama kiganja, mwezi uliopita nimekuta chini ya shina vimechomoza viwili, kila kimoja kama kifungo cha shati. Nimeviandika 7a na 7b.