Leo tena tarehe 22

Jana saa yangu ilisema 22. Leo alfajiri nimeifunga mkononi kabla ya kutoka, na imesema 22 tena. Haijasimama, inatembea vizuri, imechelewa dakika moja tu tangu Jumapili. Ni kwamba haina 23. Haijawahi kuwa nayo tangu izaliwe.

Gurudumu la tarehe lina meno 31, na kila siku husukumwa jino moja. Meno ya hii yametimia, niliyahesabu mwenyewe siku fundi alipoifungua. Kosa liko kwenye wino: palipotakiwa kuchapwa 23 pakachapwa 22 ya pili. Kesho itaonyesha 24 sawasawa na saa za watu wote, na itakwenda hivyo siku 29 au 30 bila mtu kushuku kitu. Ndiyo maana kila tarehe 23 naivaa hii na si nyingine. Siku yake ni moja kwa mwezi, sipendi iipite ikiwa kwenye kopo ninamohifadhi saa zangu.

Niliinunua kwa fundi saa mmoja anayekaa barazani karibu na Soko Kuu hapa Mtwara mjini. Alikuwa ameitupa kwenye boksi la saa za kuchinjwa, zile za kutolewa vipuri.

"Hiyo iache, mwanangu," aliniambia. "Ina kilema. Chukua hii nzima, bei ileile."

"Mzee wangu, hicho kilema ndicho ninachokitaka."

Alivua kilenzi chake jichoni, akaniangalia kama anayesubiri nicheke. Sikucheka. Akaitia mafuta, akaifuta kioo kwa kipande cha kanga, akanidai shilingi 15,000. Siku hizi akikutana na saa yenye kasoro ananiwekea, na nikifika, kabla hata sijamaliza shikamoo, mkono wake umeshaingia kwenye droo.

Sasa ninazo saba. Nazihifadhi kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa sababu huku kwetu hewa ya bahari haina huruma na chuma. Sita nisizieleze zote. Nieleze moja, ile isiyo na jina.

Uso wa saa hauchapwi kwa mkupuo mmoja. Kuna bamba la chuma lililochongwa maandishi, linapakwa wino, wino wa juu unakwanguliwa ubaki ule wa kwenye michoro tu. Kisha mpira laini unashuka, unaunyonya wino ule na kwenda kuubandika usoni. Kila kitu kina zamu yake: tarakimu kivyake, vijistari vya dakika kivyake, jina la kiwanda kivyake. Uso ukikaa vibaya kwenye kishikizo, chapa inatoka imepinda. Ukirukwa zamu moja, kitu kinakosekana maisha. Yangu ilirukwa zamu ya jina. Ina tarakimu zote, mishale mizuri ya rangi ya shaba, na pale juu chini ya 12, ambapo kila saa hutaja kwao, pametulia kama ua lililofagiliwa. Naweza kupatazama pale kwa muda mrefu. Macho yanarudi yenyewe kutafuta jina.

Wanaokusanya saa za mamilioni nao wana mapenzi haya haya. Baadhi ya Omega Speedmaster za miaka ya 1960 pete yao ya kupimia mwendo imechapwa 220 mahali palipostahili 200, na watu wanaitafuta pete hiyo hiyo iliyokosewa. Rolex Daytona namba 16520, iliyotoka 1988, katika zile za mwanzo kuna kaduara kadogo ambamo 6 imesimama kichwa chini miguu juu, ukiitazama haraka unasoma 9. Nyingine za namba hiyo hiyo, za katikati ya miaka ya 1990, vanishi yake haikuukinga uso vizuri, na zile pete za fedha kwenye viduara vyake zikageuka hudhurungi kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Hizo zimepewa jina la dalali wa minada wa Kiitaliano, Osvaldo Patrizzi.

Lakini kwangu hizi za mwisho ni jamii nyingine. Uso uliogeuka rangi umezeeka, na kuzeeka kunampata kila mtu. Kosa ninalolipenda ni lile la kuzaliwa nalo, lililotoka mlango wa kiwanda likiwa kamili. Nalitenganisha vilevile na kosa la kutengenezwa, maana tangu habari zangu zienee pale sokoni kuna wanaoniletea. Kijana mmoja alinijia na saa isiyo na 5, anataka elfu arobaini. Niliigeuza juani, nikaweka kilenzi: chini ya kioo, mahali pa 5, palikuwa na mikwaruzo ya wembe imelala upande mmoja. Chapa iliyorukwa haiachi kovu. Nilimrudishia, nikamwonyesha lile kovu pia, naye akaondoka bila neno. Kuna pia zile za kuungaunga, uso wa saa hii na mwili wa ile. Hazina kosa hizo, zina wenyewe wawili. Kwa hiyo kabla sijatoa hela naangalia skrubu za mgongoni kama zimewahi kuchubuliwa, naangalia kama wino wa tarakimu zote una unene mmoja, kama 22 ya kwanza na 22 ya pili zimeandikwa na mkono uleule. Za kwangu ni mapacha kabisa.

Bibi yangu wa Mikindani nilimpelekea kuiona. Aliishika mbali na macho, nikamweleza. Akasema kwake leo iliingia tangu jana magharibi, jua lilipozama, na saa zinazongoja saa sita ya usiku ndipo zibadili tarehe zote zinachelewa, yangu na za wenzangu. Akanirudishia akaendelea kuchambua mboga. Nimelifikiria sana neno lile. Sisi tuliolelewa kuona mshale kwenye 7 na kusema saa moja, tumezoea tangu utotoni kwamba maandishi ya saa ni kitu kimoja na wakati ni kitu kingine, na katikati yake anasimama mtu anayesoma.

Na mtu huyo ndiye ninayemfuata katika mambo haya.

Mimi kazi yangu ni kupima korosho. Msimu ukifungua Oktoba, ghala linajaa mpaka njia za kupita zinabaki upana wa bega, na sisi tunakaa mezani na sampuli. Kilo moja moja, tunapasua kila korosho katikati, tunatenga: nzima, zenye madoa, changa, zilizooza. Tunapima viini, tunapiga hesabu vingetoka ratili ngapi kwa gunia la kilo 80, na namba ile ndiyo inayokwenda mnadani na mzigo wa watu. Mchana wa saa nane, joto la bati likiwa limekaa kichwani na utomvu umekausha vidole, jicho linaanza kuona kile kilichotangulia badala ya kilicho mbele yake.

Novemba iliyopita niliandika 48, nikafungua sampuli iliyofuata, nikaandika 48. Ya pili ilikuwa 50. Viini vilikuwa mbele yangu, mizani ilikuwa mbele yangu, na mkono wangu ukarudia namba ya mzigo uliopita. Karani aliigundua jioni alipolinganisha karatasi, ikasahihishwa kabla ya mnada, hakuna aliyepunjwa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiwaona wale wazee waliouleta mzigo wa 50, mikorosho waliyoipalilia na kuipulizia salfa mwaka mzima, ratili mbili zimepotea kwa kuchoka kwangu mimi.

Hii saa ya 22 mbili nilikuwa nayo tayari wakati huo. Kesho yake niliitoa kwenye kopo, na kwa mara ya kwanza nilimwona mkaguzi wake. Sijui sura yake wala nchi yake. Lakini mezani kwake lilipita gurudumu lenye 22, 22, 24, na yeye alikuwa amekaa pale pale kwa ajili ya kuliona. Akalitazama, akalipitisha. Saa nyingine alizozipitisha siku ile ziko sahihi, na kwa usahihi wao zimemfuta kabisa. Amebaki kwenye hii moja tu. Kila ninapoiangalia namwona ameinama, mchana wake umemlemea, na natamani ningeweza kumwambia kwamba iko salama, iko Mtwara, inatembea.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini usiku. Umeme upo, feni inazunguka, jirani wamezima redio. Nimeilaza saa mezani chini ya taa. Katika saa za aina hii tarehe hairuki ghafla, inaanza kusogea mapema, polepole. Ile 22 ya pili imeshapanda kidogo, kichwa chake kimeanza kukatwa na ukingo wa kidirisha, na chini yake inachungulia 24.