Bosi akiniegemea

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Naitoa kibarazani kila asubuhi, hapa Sakina, Arusha, na ikifika saa nne, jua likishaupita mparachichi wa jirani, Bosi anakuja kuweka kidevu juu ya mguu wangu wa kushoto. Wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio unaokanyaga. Alianza na wa kulia, kichwa kikawa kinapanda na kushuka pamoja na pedali kama mtu anayesinzia kwenye daladala, mpaka siku ya tatu akahama mwenyewe.

Bosi ni mbwa. Bora niseme mapema, maana wateja wapya wakinisikia nasema "Bosi amelala" wanashusha sauti.

Nilimkuta hapa mwaka 2021. Aliyenitangulia kwenye nyumba alihama akamwacha, yeye na sufuria lake na mnyororo. Na mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu mbwa alikuwa wa kupita barabarani, na sisi wa kumpisha. Tumelelewa Kishafii, madhehebu yetu ya Kiislamu: ulimi wa mbwa ukikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Mama alipopata habari alinipigia simu, hakuuliza kodi wala baridi.

"Mwanangu, huyo mbwa anakulamba?"

"Bado, mama."

"Basi kavu kwa kavu hakuna neno. Akilowa, mkimbie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumchunguza Bosi. Wengine wanajifunza mbwa kwa mapenzi. Mimi nilijifunza kwa kulinda usafi wangu wa kuswali. Ilinibidi nijue anakuja na nini: ubavu, kidevu, mguu au ulimi. Karibu na bomba nina kopo la Blue Band lenye udongo, na dera la kazini halivuki mlango wa chumba ninachoswalia.

Mara ya kwanza kuniegemea umeme ulikuwa umekatika. Nimesimama mlangoni gizani, akaja akasimama pembeni yangu, akageuka tukawa tunatazama getini wote wawili, kisha akaanza kuniachia uzito wake taratibu, kama mtu anayejaribu kigoda asichokiamini. Kwanza bega, halafu mbavu, mwisho kiuno. Alipomaliza akashusha pumzi ndefu. Mimi nimeganda, nahesabu: manyoya makavu, mdomo uko mbali.

Jirani yangu seremala akaniambia mbwa akikuegemea anakutawala, msukume. Nikamsukuma wiki nzima. Kila nikimsukuma anakwenda hatua mbili, anakaa, ananitazama, anarudi upande ule ule. Leo maneno ya kutawala siyaamini kabisa. Silaha ya mbwa ni meno, na anayekuegemea ameyaelekeza nje, wewe amekupa ubavu. Mwenye nia ya kukutawala hakupi ubavu.

Ila mguso mmoja una maana zaidi ya moja, na hapo nilijikwaa vibaya. Masika ya mwaka jana Bosi alianza tabia mpya, kusugua shavu kwenye goti langu. Nikawaonyesha wateja, jamani mwoneni anavyodeka! Siku ya nne ndipo nikagundua ni shavu la kulia peke yake, kila mara, na kichwa amekilaza upande huo hata akitembea. Nikamshika sikio akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Daktari wa mifugo alichungulia, akatoa kupe aliyevimba kama punje ya mbaazi, na nyuma yake usaha. Siku zote hizo mbwa analia "sikio", mimi nacheka na watu. Tangu hapo nikiguswa najiuliza kwanza: upande mmoja au pande zote? Mwili umelegea au umekaza? Anataka kuwa nami, au anataka nimfanyie kitu?

Akitaka kitu huwa haniachii uzito. Anapiga pua nyuma ya goti, mara moja, ya baridi, kisha anakwenda penye jambo lenyewe: sufuria tupu, geti, paka wa jirani. Pua ya mbwa mara nyingi ni mbichi, kwa hiyo hilo la nyuma ya goti limenipeleka kwenye kopo la udongo mara nyingi kuliko ulimi. Akiweka mguu wa mbele juu ya paja langu ni jambo jingine tena. Mchana ni "umeacha kunikuna, endelea". Usiku mvua ya radi ikipiga, mguu ule ule una kucha ndani yake na unatetemeka, na hapo hataki kukunwa, anataka nisiondoke.

Kuna siku mteja alikuja kupima gauni na mwanawe wa miaka mitano. Mtoto akamkumbatia Bosi shingoni. Kwetu binadamu kukumbatia ni upendo; mbwa akizungushiwa mikono shingoni ameshikwa, hana pa kutokea. Nilikuwa na pini mdomoni lakini niliona yote. Kwanza akakaza, kama ubao. Akageuza uso pembeni. Akajilamba pua, haraka, na hapakuwa na chakula. Weupe wa jicho ukatokea. Mtoto akabana zaidi, ndipo akanguruma. Mama mtu akapiga kelele, "Mbwa wako mkali!" Ukali uko wapi? Alishasema mara nne kwa adabu kabla ya kupandisha sauti.

Kuna mkufunzi wa mbwa wa Norway, Turid Rugaas, aliyeziandika ishara za namna hiyo miaka mingi iliyopita: kugeuza kichwa, kujilamba pua, kupiga miayo. Nilipomsoma nilikumbuka kila fundo la shingo ya Bosi siku ile. Sikumpiga kwa kunguruma. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma anaweza kujifunza kunyamaza, na siku nyingine akaanzia kwenye meno. Na hayo si ya kuchezea hata kama kadi yake ya chanjo iko sawa: angemng'ata, tungekuwa bombani dakika 15 kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Sasa watoto wakija nawafundisha hivi: usimwendee, mwache aje. Mkune kifuani, hesabu mpaka tatu, acha, weka mkono pajani. Akijisogeza, endelea. Akibaki pale pale anatazama kwingine, amekwisha kukujibu.

Wajapani wa Chuo Kikuu cha Azabu waliandika mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda, homoni iitwayo oksitosini hupanda kwa wote wawili. Na mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hivyo. Oksitosini ndiyo ile ile inayoteremsha maziwa mtoto anaponyonya. Nilikuwa namwelezea shoga yangu mmoja kwenye simu, akaniuliza kama sasa nitaanza kumnyonyesha Bosi. Nikakata simu.

Mama alikuja mwezi wa nane, na khanga mbili za kujifunika baridi. Nilimwekea kiti cha plastiki upande wa pili wa kibaraza. Siku mbili Bosi alilala mbali, kama hatua sita, amempa ubavu, hamtazami usoni. Siku ya tatu hatua tatu. Siku ya nne, mama anachambua mchele, Bosi akanyanyuka, akanyoosha mgongo, akaenda kujilaza akiegemeza kiuno kwenye mguu wa kiti. Mguu wa kiti, si wa mama. Kati yao palibaki upana wa kiganja.

Mama akaacha mchele. "Huyo mkavu?"

Nikaenda nikampapasa mgongo mpaka tumboni. "Mkavu, mama."

Akarudi kwenye mchele wake. Kiti hakukisogeza.