Chuo Hakikuzaliwa Limuru

Nimerudi Kisauni, Mombasa, baada ya miaka mingi Ulaya. Matatu, joto, kelele, hayo nilijiandaa nayo. Lililonikata maini ni kijana wa bodaboda pale Kengeleni. Nilimwuliza kama anajua chuo cha makasisi kilikuwa upande gani. Akacheka. "Hicho kiko Limuru, mzee." La mzee nimelimeza. La Limuru limenikwama kooni.

Limuru, huko bara karibu na Nairobi, kilihamia tu, mwaka 1930! Kilianza hapa hapa Kisauni, mtaa wa Freretown, mwaka 1903, kidarasa cha CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, cha kuwafunza Waafrika uchungaji. Na hata hapo hakikuota kama uyoga. Freretown iliundwa 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na nguzo zake za mwanzo ni Waafrika waliolelewa Nasik, India, wakarudishwa pwani. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo Hannington akauawa Busoga, Uganda ya leo, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani walionusurika katika msafara wake. Mtu aliyekuwa mtumwa! Hiyo ni miaka 18 kabla ya darasa kufunguliwa. Zamani kila mtoto wa hapa alipigiwa hadithi hizi hata kama hakuuliza. Siku hizi kengele yenyewe ya Freretown, iliyoipa Kengeleni jina, tuliyoambiwa ililia kuwaonya watu kila wavamizi walipokuja, imekuwa alama ya kushukia abiria.

Limuru nako nilifika. Kichwani nilikuwa na kile kichuo cha makoti mazito na Kigiriki, ambapo Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walisoma pamoja tangu makanisa yao yalipoungana kukiendesha miaka ya 1950. Sasa ni Chuo Kikuu cha St Paul's, chenye hati ya chuo kikuu tangu 2007, na biashara na kompyuta zinasomwa humo. Sina ugomvi. Kigiriki hakijampa mtu kazi ya benki.

Ila ninyi mnaokuja likizo na kupitiliza moja kwa moja hadi fukwe za Nyali, shukeni kidogo Kengeleni. Nendeni Kanisa la Emmanuel baada ya ibada, mtafute ajuza yeyote wa ukoo wa Freretown, mkae mumsikilize. Msiniulize mimi, nina hasira, nitawachosha.