Hamira Iitwayo Pombe

Jumapili nilimjibu bibi yangu kwa neno moja ambalo heri ningelimeza. Tulikuwa uani, nyumbani Langoni, yeye akichoma vitumbua, mimi nikipepea makaa.

"Na huko chuoni wasoma nini hasa?"

"Pombe, bibi."

Upawa ukasimama hewani. Dada yangu akakimbilia ndani kucheka.

Ikabidi nijieleze upesi. Nasoma hamira, ila si hiyo ya pakiti iliyoumua mchele wake. Yangu ni Schizosaccharomyces pombe. Mjerumani Paul Lindner aliitenga mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaibandika neno letu.

"Kwani aliionja?" bibi akauliza. Hilo halimo vitabuni.

Hamira ya mkate huchipua: mtoto hutokeza ubavuni mwa mama, mdogo kuliko yeye. Ya pombe ni kama kijiti. Hurefuka kwenye ncha, ikifika kimo chake hujikata katikati, wakatoka pacha wawili sawasawa. Basi ukitaka kujua seli huamuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika, pima urefu tu. Tena muda mwingi ina nakala moja ya kila jeni, kwa hiyo jeni ikiharibika hakuna ya pili ya kuisitiri.

Edinburgh, Uskoti, miaka ya 1970, mtafiti Paul Nurse alizikuta seli zinazojikata zikiwa karibu nusu ya kimo cha kawaida. Jeni iliyoharibika ndani yake ikaitwa wee1. Kwa Kiskoti "wee" ni kidogo. Mimi kila nikiisoma nasikia mtu akikemewa.

Kubwa zaidi ni cdc2, jeni inayoruhusu seli kugawanyika. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walichukua hamira ambayo cdc2 yake ni mbovu, wakaitilia jeni za binadamu. Moja ikashika kazi, hamira ikaendelea kugawanyika kama kwamba haikuugua. Mwaka 2001 Nurse alipata Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Hapa bibi aliacha kugeuza vitumbua. "Yaani ya mtu na ya hamira ni moja?" Si moja, nikamwambia, lakini zaazimana.

Nikamsimulia na aibu yangu. Hizo hamira zenye cdc2 mbovu tunazozifuga huishi vizuri kwenye nyuzi 25, zikipata 36 hazigawanyiki tena ila hazikomi kurefuka. Usiku mmoja nilisahau kurudisha joto chini. Asubuhi nikaweka tone chini ya hadubini.

"Zikawaje?"

"Tambi tupu, bibi."

"Tambi za Idi?"

"Bila sukari."

Jioni mwalimu wangu wa zamani wa madrasa alipita barazani, akauliza nasomea nini siku hizi. Kabla sijafungua mdomo bibi alishanitangulia.

"Mambo ya mikate, mwalimu. Karibu vitumbua."